Hamali

Kigae cheupe, upana wa vidole vitatu,
nilikinunua Ruwi kwa riali mbili na nusu
kwa Unnikrishnan, akakifunga ndani ya gazeti
kama mtu anayeniuzia karafuu.
Ukikipa umeme, uso mmoja huganda,
wa pili hukuunguza.
"Baridi hakitengenezi," nikamweleza Shemsa.
"Kinachukua joto hapa, kinalitua pale."
Akasema: "Basi ni hamali."

Miaka ishirini na sita nilikaa Marmul,
chumba cha mitambo, macho kwenye mishale,
nikifungua vali robo, nikifunga nusu ya robo.
Nimestaafu; mikono imekataa.
Na Rayya, binti yetu, anachora majumba
kwa kompyuta inayochemka kama birika
hapa Maabela, mwezi wa nane,
ambapo bomba la maji baridi ndilo la moto.

Cha kwanza nilikifunga bila akili:
kigae juu ya kichakataji, mapezi ya shaba, feni,
volti kumi na mbili, moja kwa moja.
Nyuzi nne! Niliita nyumba nzima ije ione.
Alhamisi jioni Shemsa akafukiza ubani,
moshi ukamkereketa, akafungua dirisha,
na ile hewa ya pwani, nzito kama blanketi lililofuliwa,
ikaingia bila hodi.
Asubuhi bodi imelowa,
matone yamejipanga juu ya waya
kama yale ya alfajiri majanini, yale ya... hapa nilikwama.
Kwa Kiarabu nalijua; neno la mama lilinitoka.
"Umande," alisema Shemsa, akifuta meza.
"Umeiua kompyuta ya mtoto kwa umande."

Nikaanza upya. Chipu ya miguu ishirini na minane,
nyembamba kuliko kokwa ya tende,
haijui lolote ila utakaloiambia.
Nikaiambia kwa Kiswahili, nani angenikataza:
joto, unyevu, umande, kosa.
Sensa moja shingoni mwa kigae,
nyingine nje, ivute pumzi ya chumba.
Relei ilipiga tak, tak, usiku kucha, washa, zima,
Rayya akahamia sebuleni na mto wake.
Nikaing'oa, nikatia transista
inayokata umeme mara elfu kwa sekunde,
hata ukali wote ule ukawa upole.

Halafu hesabu. Kosa la sasa. Kosa linakoelekea.
Na jumla ya makosa yote ya nyuma.
Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho:
ilibeba, ikabeba, ikapitiliza,
ikarudi, ikapitiliza upande wa pili,
mpaka nikaiwekea kikomo: zaidi ya hapa, sahau.
Shemsa aliusoma mstari ule begani kwangu.
"Na mimi utaniwekea?"
Nikajifanya lehemu inanichuruzikia.

Amri ya mwisho ilikuwa fupi.
Usishuke hadi kwenye umande. Kaa nyuzi mbili juu yake,
hata kama nguvu za kushuka unazo.

Jana Alhamisi. Ubani. Dirisha.
Nilisimama mlangoni, sipumui.
Namba zikapanda: kumi na tisa, ishirini na moja,
ishirini na sita. Kigae kimeisikia hewa,
kimejilegeza chenyewe.
Nikapitisha kidole. Kavu kau.

Nyuma ya kasha feni inatema
joto la majumba yote ya Rayya.
Nilikwenda kupima upepo wake, nikakuta bakuli,
kitambaa juu, unga wa maandazi
umefura hadi ukingoni.
"Hamali wako," akasema Shemsa,
"asirudi mikono mitupu."
Nikalisogeza bakuli vidole viwili, feni ipumue.
Akalirudisha kimoja.