Yah: Maombi ya Kazi kwa Mahakimu Watatu

Sanduku la posta sina. Nimeazima la shule ya Makorora
alikofundisha mama mpaka vumbi la chaki likamkaa kifuani.
Tarehe nimeiacha wazi.
Barua ni tatu, kila moja na hakimu wake,
na Bi Tunu wa steshenari, barabara ya kumi na mbili,
ananitoza mia tatu kwa ukurasa, ushauri bure:
"Usijaze maneno, mwanangu.
Hao wanalipwa kusikia maneno. Wamechoka nayo."

*Mimi ni Mtanzania, umri miaka ishirini na saba,*
*mwenye afya njema na akili timamu.*
Ndivyo huandikwa, nami nimeandika.
Sikuandika kwamba hiyo akili timamu
imekaa mwaka na nusu dukani kwa mjomba Shekalage
ikipima misumari kwa kilo,
na shahada imeviringwa ndani ya bomba la plastiki
juu ya kabati, mende wakiidurusu.

Wala sikuandika habari za benchi,
lile la nje ya mahakama, lenye mguu mmoja wa tofali,
nililolikalia na miaka tisa, ndani ya sare ya shule,
mama alipokuwa akidai kiwanja chake cha Mikanjuni.
Mara kumi na moja tulikwenda.
Mara hakimu kasafiri, mara wakili wa mdaiwa anaumwa,
mara jalada halionekani.
Karani alilitamka hilo, "halionekani",
kana kwamba jalada lina miguu
na limetoka kidogo kunywa chai.

Kati ya watatu, aliyeniita ni Mheshimiwa Kihedu.
Feni yake inazunguka kwa kuhesabu.
Mafaili yamepanda hadi dirishani, na juu yake
chungwa la Muheza, limemenywa nusu.
Hakuinua macho:
"Wenzako wote wanakimbilia kwa majaji wa rufaa.
Huku chini unafuata nini? Kesi za kuku?"

Nikasema: Mheshimiwa, rufaa husoma.
Huku mnasikia.
Shahidi akikohoa kabla ya kujibu,
kikohozi chake hakipandi ngazi.

Hakusema ndiyo, hakusema siyo.
Akanisukumia jalada. Mbuzi wawili, Pongwe, usiku.
"Nusu saa. Kurasa mbili. Nieleze kuna nini humo."

Nikausoma mwandiko wake mwenyewe,
uliolala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua,
kisha nikasoma nakala iliyopigwa chapa.
Kwa kalamu, shahidi wa pili:
*nilimwona mtu kama Sufiani.*
Kwa mashine:
*nilimwona Sufiani.*

Nikarudia. Nikaweka kidole.
Maneno mawili yameanguka njiani,
na lililoniuma ni lile dogo, la herufi nne,
lisilofika hata uzito wa msumari wa nchi moja.
Na Sufiani yuko mahabusu mwezi wa tano.

Kurasa mbili sikuziandika. Niliandika mistari sita,
na wa mwisho ulikuwa swali:
*"Kama" imekwenda wapi?*

Akasoma. Akavua miwani.
Akachukua pande la chungwa, akalirudisha.
Akamwita mpiga chapa kwa sauti ya chini
ambayo hata mimi, niliyekuwa hatua mbili, sikuisikia vizuri,
na siwezi kuitolea ushahidi.
Kwangu akasema neno moja: "Utajulishwa."

Wiki ya tatu hii.
Napima misumari. Simu nimeiweka juu ya mizani,
gramu mia na themanini, kimya.
Jana jioni, tukifunga mlango wa duka,
mjomba kaniuliza, "Vipi, umepata?"
Nikajibu kwa uangalifu, kama mtu aliyekula kiapo:
"Kama nimepata."