Neno la Chini ya Picha

Luthuli, ghorofa ya pili, saa mbili kasoro usiku.
Mashine imekohoa mara mbili, imenyamaza.
Kistari kinawaka na kuzima chini ya picha ya Mghoi
kama jicho la mtu anayesubiri chenji.

Mwanawe kapiga simu kutoka Dallas:
"Weka neno moja tu. La Kiingereza.
Wakwe zangu watataka kusoma."
Neno moja, kwa miaka sabini na minne,
na gari linaondoka kwenda Wundanyi alfajiri.

Mutembei wa kompyuta ana akiba ya maneno ya wafu.
"Kind? Loving? Wengi huchukua humble,"
anasema, kama muuza viatu anayetaja saizi.

Humble, la. Huyu alirudisha nyama buchani Dandora,
akaidondosha juu ya mizani, damu na yote,
mbele ya foleni nzima ya Jumamosi.
Na kind waliliandika hata kwa mwenye ploti wetu,
yule aliyetung'olea mlango.

"Kwani alikuwaje?"

Alikuwaje.
Mwaka baba alipofutwa kazi ya reli
sisi tulikaa mlango wa nne, yeye wa tano.
Jioni tatu mfululizo mama alichemsha maji matupu
ili majirani wasikie kifuniko kikicheza.
Siku ya nne, hodi. Mghoi, na kibakuli mkononi:
"Mama Mbithe, nikopeshe chumvi,
yangu imekwisha na duka limefungwa."
Duka halikuwa limefungwa.
Mimi nilikuwa nimetoka huko sasa hivi,
nimetumwa kukopa, nimerudi mikono mitupu.
Mama akampimia vijiko viwili, kichwa juu,
kama mtu mwenye ghala.

Kesho yake Mghoi akaja kulipa:
unga kilo mbili, maharagwe,
mafuta ya kupikia kwenye chupa ya soda.
"Deni ni deni," akasema, na mgongo wake ukawa tayari mlangoni.
Alikopa chumvi kwetu miezi saba.
Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliona tu
kwamba jirani yetu anakula chumvi nyingi mno,
na nikamwombea figo zake.

Kiswahili kinalo neno lake.
Mama alilitamka mara moja, miaka mingi baadaye,
akikunja nguo, bila kunitazama:
"Yule alitusitiri."

Basi tukaanza kulitafutia pacha, mimi na Mutembei.
Discreet. "Hilo liko kwenye vikaratasi vya nguzo za stima,
madaktari wa magonjwa ya aibu."
Tactful limevaa tai, linatoka ubalozini.
Private ni askari asiye na cheo,
au hospitali ambayo hatungeweza kulipa.
Akafungua kamusi ya kwenye simu, ikatupa
pazia, ficha, funika, na picha ya shuka.

"Basi andika hicho kisa," akasema. "Mistari mitatu. Nafasi ipo."

Nilishafungua mdomo.
Ndipo nikamwona mama kesho, benchi la pili,
kilemba chake cha zambarau,
na programu mia tatu zikifunguliwa kwa mpigo.
Chumvi yetu. Sufuria yetu ya maji.
Na katika mabenchi yale, jamani,
ni nani mwingine aliyemkopesha Mghoi chumvi?

"Weka kind," nikasema.

Akaliweka. Likakaa chini ya kidevu chake,
linapwaya, koti la kuazima,
refu hadi vifundoni, halionyeshi kitu.

Nikahesabu noti. Mashine ikakohoa, ikakubali.
Nikiwa ngazini nikarudi kuchungulia:
"Mutembei, kile kisa cha chumvi..."

"Kisa gani?" akasema,
na hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.