Mistari ya Nundu

Kibao cha langoni kinaanza mbali sana,
enzi Nundu ilipokuwa chini ya maji
na samaki wakiipita kama wapita njia.
Sikatai. Nimemwona kwa macho yangu
chaza aliyebanwa ndani ya jiwe, mdomo wazi,
kama mtu aliyekatizwa akiuliza jambo.
Halafu kibao kinaruka.
Kutoka kwa samaki hadi kwa Manispaa
hakuna mtu hata mmoja.

Basi niseme mimi, Nyevu binti Ngowa,
niliyelipa shilingi hamsini kuingia
mahali meno yangu ya utoto yalipong'okea.

Hapa palikuwa timbo. Maweni nzima ilikuwa vumbi:
kuku weupe, mihogo myeupe, kope za baba nyeupe.
Walikata jiwe kwa shoka na mtaimbo,
na kila tofali lilipanda lori kwenda ufuoni
kuwa ukuta wa hoteli ya Mtaliano,
kuwa choo, kuwa ngazi za kushukia bwawa la kuogelea.
Ardhi ilishuka. Mwaka hadi mwaka ilishuka,
mpaka Nundu, iliyokuwa kilima tu cha kufungia mbuzi,
ikabaki imesimama peke yake, ndefu kuliko mnazi.
Haikukua.
Sisi ndio tuliozama.

Kwa nini hawakuikata? Watakwambia mzimu.
Mzimu gani! Ilikuwa na kivuli.
Saa nane, jua likichemka, timbo zima
halikuwa na kivuli kingine,
na wanaume kumi na wanane walijibana humo
na sima yao na ng'onda.
Ambaye angeinua shoka pale
angekata meza yake mwenyewe.

Msimamizi, Shekuwe, alikuwa na daftari,
na daftari lilikuwa na njaa:
mawe arobaini yakiingia, thelathini yanatoka.
Baba hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la pili.
Akanipa msumari wa nchi sita, akasema,
"Andika wewe. Jiwe halina ukurasa wa kuchana."
Nikachora upande wa kusini, usawa wa macho yangu,
mistari minne, wa tano ukiwalalia wenzake,
jioni baada ya jioni, kabla ya kurudi na sufuria tupu.

Siku ya malipo baba alimvuta Shekuwe mpaka hapo.
Shekuwe akapangusa miwani kwa ncha ya shuka.
"Ngowa," akasema, tena kwa upole,
"mahakama gani itaubeba ushahidi huu?"

Leo kuna nyasi, mabenchi, bomba la maji,
bibi harusi anainua gauni lisishike matope.
Nazipenda nyasi, nisiseme uongo.
Kijana mmoja, Lewa, shati la kijani,
anawaambia wageni kwa Kitaliano, kisha sisi kwa Kiswahili,
kwamba haya ni maandishi ya kale,
wataalamu bado wanayachambua.
Wameyazungushia kamba.
Nilinyoosha mkono. "Mama, usiguse. Ni urithi."

Urithi.
Nikaurudisha mkono kwenye leso.
Mistari inanifika kiunoni sasa.

"Naweza kukusomea," nikamwambia.
Akatabasamu, mtoto wa watu, akatazama saa;
kundi jingine lilikuwa limefika langoni.

Mawe mia nne na kumi na mawili.
Senti themanini kila moja, kwa bei ya wakati ule.