Kangomba

Kinasema kimeshiba.
Kila saa kinaandika: betri, asilimia mia.
Saa tisa usiku kinazimika
kama mtu aliyejibu "sijambo" akadondoka mlangoni.

Ni kidude cha kupima unyevu. Nimekichomeka
kati ya magunia ya korosho, ghala la pili, Tandahimba,
na betri mbili za redio ambazo kwa hesabu zangu
zingefika msimu ujao.
Zimefika Alhamisi.

Nililaumu duka. Nikalaumu panya.
Nikang'oa kile kitaa chekundu cha madaha
kilichokuwa kikinywa peke yake
kuliko chipu nzima ikiwa usingizini.
Nikabadili kidhibiti volti, mlafi asiye na kazi.
Mita ikashuka hadi maikroampea nane,
nikashangilia peke yangu, vumbi la magunia puani.
Jumapili kikafa tena.
Asilimia mia.

Somoe Nangwale, karani wa mizani,
alikuwa amesimama na kikombe chake cha uji.
"Nani anaipima hiyo betri?"
Kinajipima chenyewe, nikasema.
"Kwa jiwe la nani?"

Nikabaki na waya mdomoni.

Maana jiwe lilikuwa betri yenyewe.
Chipu ilichukua volti ya betri
ikaigawa kwa volti ya betri
ikapata moja. Siku zote moja.
Fundi cherehani ambaye futi yake inasinyaa pamoja na kitambaa,
nguo zote zinamtosha.
Na huku kwetu jambo hilo lina jina:
kangomba, bakuli la mnunuzi wa gizani
anayepima korosho zako kwa chombo chake
kisha anaapa kwamba zimetimia.

Nikaigeuza hesabu.
Ndani ya chipu imo volti moja na nukta moja,
kadogo, hakajali betri imeamkaje.
Nikakauliza: leo unaonekana mkubwa kiasi gani?
Kakionekana kamekua,
betri ndiyo imepungua.

Usiku ule kikaandika mbili nukta tatu.
Saa nane, mbili nukta moja.
Saa tisa, mbili kasoro,
na neno nililokifundisha mchana:
njoo.

Kinachoinyonya bado sijakijua.
Pengine unyevu ule ule, umetambaa hadi kwenye risasi
na kujifungulia njia.
Natafuta ndala gizani, betri mpya mfukoni,
na jiwe la Somoe kichwani.