Mkewe

Shangazi Verna anataka karatasi.
Anataka cheti chenye mhuri, na bizimu ndogo ya dhahabu
wanayoivaa kifuani wazao wa walowezi wa kwanza
wakinywa chai Hartford, kila Oktoba, kwa mialiko.
"Vizazi tisa tu," kanambia kwenye simu,
kama mtu anayehesabu vidato vya kibaraza chake.

Basi nimo chini ya ofisi ya mji, chumba kisicho dirisha.
Karani, Bwana Sprague, kanipa penseli. Kalamu hairuhusiwi.
Bomba la mvuke linagonga ukuta
kama mtu aliyefungiwa nje.

Nateremka: baba, babu, Orrin, Orrin mwingine,
Lyman aliyekufa mara mbili kwa kosa la mwandishi
(baada ya kifo cha kwanza aliuza shamba, akaoa),
mpaka kwa Pelatiah Wadlow, fundi mapipa,
na hapo kidato hakipo, mguu unaelea.

Kitabu cha kanisa kiliungua. Kilichookolewa
kinaanza ukurasa wa arobaini na moja, katikati ya sentensi:
*...na mkewe, na kitoto Josiah, wa nyumba hiyo.*
Machi, 1731 mkwaju 1732,
maana siku hizo hata mwaka
haukuwa na hakika ya kuzaliwa kwake.

Mkewe nani?
Naugeuza ukurasa kana kwamba jina limeangukia nyuma.
Kuna doa la nta. Kuna alama za meno ya panya.

Orodha ya mirathi, hiyo ipo, nzima, haina hata tundu.
Chungu cha chuma, mguu mmoja umevunjika.
Godoro la manyoya. Misumeno mitatu.
Ng'ombe mwekundu aitwaye Waridi, pauni nne.
Msichana mweusi aitwaye Dorcas, pauni arobaini.
Mjane: theluthi moja, chumba cha magharibi,
na ruhusa ya kupita jikoni kwenda kisimani.

Nimeusoma mstari huo mara tatu.
Ng'ombe ana jina na bei. Dorcas ana jina na bei.
Mjane hana hili wala hiyo, ana njia ya kisimani.

Mwacha asili ni mtumwa, husemwa.
Na aliyeachishwa? Aliyeandikwa baada ya ng'ombe,
asili yake ikabaki kwenye bandari ambayo hakuna aliyeitaja,
huyo methali inamwita nani?

Chini ya stakabadhi mjane katia alama,
si msalaba kama wengine: duara lenye mkia,
kiluwiluwi, au sindano na uzi wake.
Bwana Sprague keshavaa koti, funguo zinalia mkononi.
Naifungua bahasha ya mwisho kwa pupa.
1768. Dorcas, mwanamke huru, anunua nusu eka kando ya kijito.
Hajui kuandika. Katia alama:
duara, mkia.

Nani alimfundisha nani? Usiku upi,
jivu lipi la jikoni lilikuwa daftari lao?
Au ni karani mmoja mvivu, mwenye mchoro mmoja
kwa kila mwanamke asiyeweza kumsahihisha?
Na Josiah, *wa* nyumba hiyo:
silabi moja, imebeba wanawake wawili mgongoni
na haisemi.

Fomu ya shangazi ina nafasi moja. *Jina la mama.*
Nafasi fupi, kama kitanda cha mtoto.
Niliandika, nikafuta, nikaandika,
mpaka karatasi ikaota manyoya.

Usiku akapiga. "Umempata?"
"Nimempata ng'ombe," nikasema. "Anaitwa Waridi."
Kimya. Upande wa pili nikasikia kijiko
kikizunguka kikombeni, kikizunguka,
kikaacha.