Kidato cha Saba

Nyumba yetu imeng'ang'ania kilima, Valparaíso,
kama kupe mgongoni mwa ng'ombe:
mabati kwa nje, udongo na mbao kwa ndani,
na kila aliyezaliwa akaongezewa chumba
kwa mbao alizookota baba bandarini.
Haikuwahi kuwa na ramani.
Ilikuwa na watoto.

Mwaka huu tukasema, safari hii tuipanue kwa akili.
Maite, binti wa dada yangu, msanifu majengo,
akaja na mita ya mwanga inayotupa kidoa chekundu ukutani;
paka akashinda anakikimbiza.
Ukuta huu uondoke, alisema.
Hapa dirisha, toka sakafuni hadi darini.
Jiko akalipimia mwilini mwa mama:
kiwiko hadi sakafu, sentimita tisini na moja,
mkono ukinyooshwa, ncha ya kidole, rafu ya chumvi.
"Kama naagiziwa jeneza," mama akanung'unika,
ila kidevu alikiinua,
asije akaandikwa mfupi.

Ukuta ulipoanguka tulikohoa siku mbili.
Ndani yake: magazeti, majani makavu,
na chupa ya baba, imebaki nusu.
Mama aliinusa, akaifunga kizibo,
akaenda nayo chumbani.
Hakuna aliyeuliza.

Alikubali mengi. Kabati nyekundu kama chai iliyolala,
bawaba zinazofunga zenyewe, pole pole, kwa adabu,
droo moja bapa ya funguo zisizofungua chochote tena.
Hata choo cha chini alikikubali, kwa ajili ya magoti.
Lakini ngazi?
"Ngazi imeliwa na mchwa, bibi."
"Basi badilisheni. Ila cha saba kilie."

Maite akaacha kuandika.

Shule ina vidato vyake; sisi wanne tulihitimu hiki:
kukiruka gizani, viatu mkononi, pumzi imebanwa,
tukitoka dansini, tukitoka tusikokutaja.
Baba peke yake alikikanyaga, unyayo mzima,
akirudi zamu ya usiku bandarini,
kama mtu asiye na cha kuficha
(yeye na chupa yake ukutani).
Kikilia, mama huku juu hugeuka upande,
ndipo usingizi wake unapoanza.
Miaka kumi na moja sasa hajalala vizuri.
Hilo hakulisema. Nimelisema mimi.

Mbao mpya ni bubu.
Fundi Belarmino alilegeza msumari, akapanda, akashuka.
"Huyo ni bata," mama alipaza sauti kutoka jikoni.
Akachomeka kipande cha ngozi kavu.
"Huyo ni mlango wa benki."
Akapaka chumvi. Akapaka sabuni. Akaapa.
Maite akaniambia kwa sauti ya chini kwamba chuoni
walimfundisha miaka sita namna ya kuzuia kelele.

Alhamisi, jua limeshazama, Belarmino akachimbua rundo la takataka,
akapata mbao ya zamani, ile yenyewe, imebaki kiganja kizima kimoja tu.
Akaichongea kitanda chini ya mbao mpya,
akairudishia msumari wake uliopinda.
Kisha, kwa kuwa siku ilikuwa imemchosha kweli,
akapanda na mfuko wa vifaa begani,
mzito, bila kufikiri.

Ikalia.

Mama alikuwa anakata kitunguu kwenye meza ya kimo chake.
Hakugeuka.
"Chakula kimepoa," alisema.
Belarmino akabaki pale, mguu mmoja juu,
hajui kama ashuke au ajibu.

Ankara ilikuja Jumatatu, kurasa tatu, ikatuuma.
Dirisha, kabati, bawaba za adabu, choo.
Mstari wa mwisho ulikuwa wa kalamu ya risasi:
kidato kimoja, kibovu,
kimetengenezwa upya kiwe kibovu. Bure.