Ndoo za Kiyoyozi

Ua wa nyuma ulikuwa jaa lenye heshima zake:
friji isiyo mlango, dishi la kutu,
matairi manne ya gari tuliloliuza zamani,
na kitanda cha marehemu baba, kimesimamishwa ukutani
kama mtu anayengoja kuitwa jina.
Kaka yangu Nasoro alisema, "Nitamwaga zege hapa,
niegeshe gari kivulini."
Nikamwambia ngoja.
Miaka thelathini nimegonga mihuri
kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu;
nimestaafu, nataka nione kitu kinazaliwa bila muhuri.

Nilianza mwezi wa sita. Ujinga.
Mabela mwezi wa sita hata mjusi huuvuka ua
mguu huu juu, mguu huu chini.
Nikapanda bamia, nikazinywesha maji ya kisima.
Siku ya nne zikachipua,
siku ya saba zikawa nyuzi nyeusi.
Juu ya udongo pakabaki ukoko mweupe.
Nikaugusa kwa kidole, nikaulamba: chumvi.
Kumbe kisima chetu kimeshaolewa na bahari
na sisi hatukualikwa harusini.

Shafikuli, anayefagia msikiti wa mtaa,
alichungulia getini, akacheka kwa adabu.
Kiarabu chake kimevunjika, changu kina lafudhi ya Vikokotoni;
tukaelewana kuliko wajuzi.
Akanyoosha kidole juu, kwenye viyoyozi vitano
vinavyotema mate ukutani usiku na mchana.
"Hilu," akasema.
Maji matamu, yaliyokamuliwa
katika joto lile lile nililokuwa nikililaani.

Toka siku hiyo nikayahesabu masiku kwa ndoo.
Ya Nasoro ilikuwa ya kwanza kujaa,
maana hulala kama samaki wa barafuni.
Nikachimba. Zikatoka gololi, vijiko vitatu,
na kiatu chake cha shule, cha kushoto,
bado kimefungwa kamba.
Udongo wenyewe haukufaa, nikataka tuta la juu,
na mbao sina.
Nikakilaza kitanda cha baba.
Nikakata kamba zake moja moja,
nikakizungushia mabati,
nikamimina mchanga, na samadi ya mbuzi kutoka Barka.

Nasoro alirudi kazini, akasimama na funguo mkononi.
"Baba kafia juu ya hicho."
"Najua," nikasema. "Shuka nilikuwa nabadilisha mimi."
Siku tisa hatukusemezana.
Siku ya kumi alisema, "Chumvi," akiwa mezani,
nikamsogezea.

Mwezi wa kumi joto likalegeza mkono.
Shafikuli aliniletea mbegu, ndogo kama vumbi,
katika kipande cha gazeti la kwao.
Zilipoota nikazijua kabla hazijanyoosha shingo:
mchicha, ule mwekundu.
Yeye anauita lal shak.
Jirani yangu Bi Raya, ambaye hajawahi kutoka Sibu,
aliuita majani ya mbuzi,
mpaka siku nilipompelekea bakuli, umeungwa kwa nazi.
Bakuli lilirudi limeoshwa,
na ndani yake swali: utachuma lini tena?

Lakini baridi nayo ina ukata wake.
Mwezi wa kumi na mbili watu wakazima viyoyozi,
ndoo nne zikakauka,
pilipili zangu zikiwa ndiyo kwanza zinafunga maua.
Nilipita tutani na kikombe, nikigawa kama dawa.

Ajabu ndoo ya Nasoro.
Kila alfajiri naikuta na maji,
siku nyingine robo, siku nyingine nusu.
Usiku mmoja nikasimama mlangoni kwake.
Kiyoyozi kinanguruma, kimeshushwa hadi kumi na sita,
naye amejikunja chini ya mablanketi mawili,
sweta mwilini, soksi miguuni,
kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Nasoro, utaugua."
Hakufungua macho.
"Funga mlango," akasema, "baridi inatoka."